Namna ya kuwanoa walimu wa Kiingereza wa madarasa ya chini nchini Rwanda

Mkufunzi anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda kwenda Rwanda ajue kwanza kwamba mwalimu atakayekutana naye amebadilishiwa lugha akiwa kazini. Mwaka 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia; mwaka 2011 madarasa matatu ya mwanzo yakarudishiwa Kinyarwanda; na mwishoni mwa 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kitatumika tangu darasa la kwanza. Kwa hiyo mtu aliyesomea ualimu kwa Kifaransa, na ambaye anaweza kuwatuliza watoto sitini kwa kupiga makofi mara mbili tu, huonekana mgeni wa kazi mara anapofungua kinywa kwa Kiingereza. Umahiri wake wa kulea darasa haujapotea, na mafunzo yajengwe juu ya huo.

Siku mbili za mwanzo usifundishe chochote. Kaa nyuma ya darasa, uandike sentensi za Kiingereza ambazo mwalimu anazitamka bila woga. Mara nyingi hazizidi kumi. Orodha hiyo ndiyo msingi wako: iongeze kidogo kidogo hadi ifike thelathini, zote zikiwa za kuendeshea kipindi, kama vile kuamuru, kusifu, kuuliza na kugawa madaftari. Semina ya nyakati za vitenzi, ambayo wakufunzi wengi huipenda kwa sababu ni rahisi kuiandaa, haimsaidii mtu ambaye kesho saa mbili asubuhi anahitaji kuwaambia watoto wafungue vitabu.

Sentensi ndefu ifundishe kwa kuanzia mwisho wake. Mwalimu aseme “books”, kisha “your books”, kisha “open your books”, huku akifungua kitabu kwa mikono. Kwa njia hiyo sauti haififii mwishoni, na watoto hupata maana kwa macho bila tafsiri.

Katika siku ya kwanza ya semina, wageuze walimu kuwa wanafunzi wa lugha wasiyoijua. Usitumie Kiswahili, kwa kuwa wengi wana chembe zake. Tumia Kisukuma, Kiluo au lugha yoyote ya kwenu. Amuru “simama”, “tembea”, “gusa dirisha” kwa lugha hiyo, ukitenda pamoja nao, kwa dakika ishirini, pasipo kumlazimisha yeyote kusema neno. Halafu mwite mmoja ghafla atamke amri mbele ya wenzake. Kigugumizi kitakachompata kitawaeleza wote, kuliko mhadhara wowote, kwa nini mtoto wa miaka saba anahitaji kusikia kwa muda mrefu kabla ya kudaiwa kusema.

Kuhusu matamshi, Kinyarwanda hakitenganishi “l” na “r” kuwa sauti mbili zenye kubadili maana. Usicheke, hata kwetu wapo wanaokwenda kupiga “kula”. Chora picha mbili, ya mtoto anayecheza na ya mtoto anayesali, kisha tamka “play” au “pray” huku umefunika mdomo kwa karatasi, na walimu waonyeshe picha inayohusika. Sikio likishatofautisha, ulimi hufuata polepole. Lafudhi nyingine iache, maana watoto hawaihitaji.

Palipo na zamu mbili, mwalimu mmoja akirudia somo lilelile kwa kundi la mchana, una nafasi adimu. Tazama somo la asubuhi, zungumzeni wakati wa mapumziko ya mchana, kisha somo lirudiwe likiwa na badiliko moja tu. Muulize yeye kwanza angebadili nini, na mazungumzo hayo yasifanyike mbele ya mwalimu mkuu. Asipokuwa na jibu, mwonyeshe mahali watoto walipokaa kimya. Kinyarwanda nacho kisipigwe marufuku: neno moja la kufafanua mchezo huokoa dakika tano za kuhangaika kwa ishara.

Kabla hujaondoka, wapange walimu wawiliwawili ili kila juma mmoja amtazame mwenzake kwa nusu saa. Ukitaka kuwakutanisha wa shule kadhaa siku ya Jumamosi, epuka asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwani wote watakuwa kwenye umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, na wewe pia utakaribishwa jembe.