Kabla hujaweka dampa kwenye chimni ya nyumba yako

Huku Limuru baridi ya mwezi wa saba ikiingia kila mtu anakumbuka fayaplesi yake, na hapo ndio unasikia watu wakilalamika wamewasha mpaka saa sita usiku na bado nyumba haishiki joto. Mara nyingi ni chimni imekaa wazi, moto ukizima joto lote linapandia huko juu. Dampa ni kile kifuniko cha chuma cha kuziba njia ya moshi wakati hakuna moto. Ni kitu kizuri sana, ila ukikitumia vibaya kinaua.

Kwanza chimni isafishwe, usipime chochote juu ya masizi. Kwa mama tulishusha karibu nusu gunia, na kiota cha ndege juu yake. Yale masizi meusi yanayong'aa kama lami ndio mabaya zaidi, yanaletwa na kuni mbichi na yanaweza kushika moto humo humo ndani. Kagua pia nyufa za matofali.

Halafu amua, dampa ya chini au ya juu. Ya chini inakaa kooni, juu kidogo ya moto, na vipimo lazima vilingane na koo lenyewe, upana wa mbele, wa nyuma na kina, maana matofali yalipangwa na mkono wa mtu, hayako sawa kila upande. Ya juu inafungwa kwenye mdomo wa chimni kule paani, ina raba ya kuziba na waya unaoteremka mpaka sebuleni. Kwa nyumba ya zamani mimi nachukua ya juu, hubomoi kitu, inazuia mvua na ndege, na raba inaziba vizuri kuliko chuma kwa chuma.

Fundi asiondoke kabla hujaifungua na kuifunga mwenyewe mara kadhaa, na uweke alama. Kwa mama tulipaka rangi nyekundu pale waya unapofika ikiwa imefungwa, hata mgeni anaona.

Siku ya kuwasha, fungua kabisa kwanza, washa gazeti ulishike karibu na koo dakika moja hivi mpaka uone moshi unavutwa juu, ndio uwashe kuni, na ziwe zimepasuliwa na kukauka miezi sita au zaidi.

Sasa kufunga, hapa naomba mnisikie. Makaa yaliyofunikwa na majivu yanaweza kukaa na moto mpaka kesho yake, na yanatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, ni ile ile inayoua watu waliolala na jiko ndani. Usifunge eti ubakize joto, ongeza blanketi. Asubuhi koroga majivu na chuma, pitisha kiganja juu yake bila kugusa, ukihisi joto hata kidogo acha wazi. Na nunua kengele ya kaboni monoksaidi, uiweke karibu na vyumba vya kulala, kabla hata hujanunua dampa.