Kabla ya mtihani wa historia ya Marekani: kutoka makoloni hadi Ujenzi Mpya

Tarehe za mwanzo zipitie harakaharaka: makoloni ya Waingereza ya Jamestown 1607 na Plymouth 1620, Azimio la Uhuru Julai 4, 1776. Hizo hazimwangushi mtu. Kodi ya stempu ya 1765 na chai iliyomwagwa baharini Boston mwaka 1773 zishike pamoja, maana ugomvi ni uleule: walowezi kutozwa kodi na Bunge la London ambamo hawakuwa na mwakilishi.

Mkataba wa Shirikisho wa 1781, sheria kuu ya kwanza ya nchi iliyoinyima serikali kuu uwezo wa kutoza kodi, si Katiba ya 1787. Wala hauhusiani na Shirikisho la majimbo ya Kusini yaliyojitenga 1861, yakapigana na Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Hapa kwenye Tangazo la Ukombozi, tulia. Nimeona wengi, tena wanaokesha na vitabu, wakiandika kwamba Januari 1, 1863 Rais Lincoln aliwaacha huru watumwa wote. Binti mmoja niliyemsaidia masomo aliijenga insha nzima juu ya hilo. Ikarudi imejaa wino mwekundu. Tangazo liliyagusa maeneo yaliyokuwa yameasi tu, kwa sababu Lincoln alitumia madaraka yake ya amiri jeshi mkuu dhidi ya adui. Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware yalikuwa na watumwa lakini hayakujitenga, naye hakutaka kuyasukuma kwa waasi. Mtumwa wa Kentucky akaamka Januari 2 akiwa mtumwa vilevile. Texas ilihusika, lakini nani angetekeleza? Huko Galveston, Texas, amri ya uhuru ilitangazwa Juni 19, 1865, zaidi ya miezi miwili baada ya Jenerali Lee wa Kusini kusalimu amri huko Appomattox, Virginia. Kentucky na Delaware zilingoja hadi Desemba, Marekebisho ya 13 ya Katiba yalipoidhinishwa. Lakini usilidharau Tangazo lenyewe: liliwafungulia weusi mlango wa jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini, wakaingia karibu 180,000.

Marekebisho ya 13, 14 na 15: kukomesha utumwa, uraia, kura za wanaume bila kujali rangi. Miaka yake ni 1865, 1868, 1870. Ujenzi Mpya, yaani kipindi cha kuirudisha Kusini katika Muungano baada ya vita, ufunge 1877, wanajeshi wa serikali kuu walipoacha kuzilinda serikali za chama cha Republican huko Louisiana na South Carolina.

Ukikuta amri yoyote, uliza inahusu jimbo lipi na nani alikuwa na bunduki pale. Angalia swali linasema "wote" au "baadhi". Likiwa na sehemu mbili, jibu zote mbili. Na kalamu beba ya akiba.