Somo: Ni mafua au ni mzio wa msimu? Jinsi ya kumchunguza mtoto hatua kwa hatua

Hakuna dalili ya mzio wa msimu ambayo huwezi kuikuta kwenye ugonjwa mwingine. Chafya ziko kwenye mafua, macho mekundu yako kwenye maambukizi ya macho, kikohozi cha usiku kiko kwenye pumu. Kinachoutambulisha mzio ni mpangilio: dalili zipi zinaandamana, zinaanza lini, zinadumu kwa muda gani, na kama zinarudi miezi ileile mwaka unaofuata. Mpangilio huo daktari hawezi kuuona kwa dakika kumi za kukaa na mtoto. Anayeweza kuuona ni wewe unayeishi naye, mradi ujue pa kutazama.

Kwanza kabisa: kama mtoto anahema kwa shida, mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, kifua kinatoa mluzi, hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika, midomo inageuka rangi, au ulimi na midomo imevimba, acha kusoma hapa. Mpeleke hospitali sasa hivi.

Hatua ya 1: Anza na umri na ukoo

Mzio wa chavua (unga laini wa maua ya mimea, unaoleta mzio wa msimu) ni nadra kwa mtoto aliye chini ya miaka 2. Sababu ni kwamba mwili hauzaliwi na mzio, unaujenga. Mtoto lazima kwanza akutane na chavua, kinga yake itengeneze kingamwili za aina ya IgE dhidi ya chavua hiyo, ndipo msimu mwingine ukija zianze vurugu. Kwa hiyo wengi huanza kuonyesha dalili baada ya miaka 3, na wengine wakiwa tayari wanasoma shule.

Uliza pia upande wa baba na wa mama: nani ana pumu, nani ana mzio wa pua, nani alikuwa na ukurutu utotoni? Mzazi mmoja akiwa na mzio, uwezekano wa mtoto kuupata unapanda. Wakiwa wote wawili unapanda zaidi. Mtoto ambaye mwenyewe amewahi kuwa na ukurutu naye mtilie maanani.

Hatua ya 2: Tafuta mwasho

Ukitaka kigezo kimoja cha kuanzia, basi kiwe hiki. Mafua huziba pua na huumiza koo, lakini hayawashi sana. Mzio unawasha: pua, macho, kaakaa, masikio kwa ndani, koo.

Tatizo ni kwamba mtoto wa miaka minne hatasema "naona mwasho". Atasema inauma, au hatasema chochote. Mtazame bila yeye kujua, akiwa anacheza, na uangalie haya:

- Anasugua pua kwa kiganja kutoka chini kwenda juu, mara kwa mara. Akiwa na tabia hiyo kwa muda mrefu, unaweza kukuta kamstari kembamba kamelala kwa upana juu ya pua, karibu na ncha.
- Anakunjakunja pua na mdomo bila kutumia mikono. Wazazi wengi hudhani ni mazoea mabaya na kumkaripia.
- Anatoa sauti ya kukwaruza kooni, au anasugua kaakaa kwa ulimi.
- Anafikicha macho yote mawili. Jicho moja peke yake lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na maambukizi au uchafu ulioingia.
- Ana weusi chini ya macho hata akiwa amelala vizuri. Pua ikivimba ndani, damu hutuama kwenye mishipa midogo iliyo chini ya macho.

Weusi huo pekee hauthibitishi kitu, kwa sababu pua iliyoziba kwa sababu yoyote huuleta. Ukiandamana na mwasho ndipo uzito wake unaongezeka.

Hatua ya 3: Homa, kamasi na idadi ya siku

Pima joto kwa kipimajoto, usitumie kiganja. Mzio hauleti homa. Ukisoma nyuzi 38 au zaidi, kuna maambukizi, hata kama mtoto ana mzio pia.

Kamasi za mzio ni nyepesi na angavu kama maji, na hubaki hivyo. Za mafua huanza hivyohivyo, kisha baada ya siku chache huwa nzito, njano au kijani, halafu hupungua. Rangi ya kijani peke yake haina maana kwamba mtoto anahitaji antibiotiki. Ni sehemu ya safari ya kawaida ya mafua.

Kisha hesabu siku. Mafua mengi huisha ndani ya siku 7 hadi 10, kikohozi kikichelewa kidogo. Dalili zikivuka siku 10 bila nafuu yoyote, au mtoto akipata nafuu kisha akazidiwa ghafla, au akiwa na homa ya nyuzi 39 pamoja na kamasi za usaha kwa siku 3 mfululizo, huenda ni maambukizi ya bakteria kwenye sainasi, yaani matundu ya mifupa yanayozunguka pua. Hapo daktari anahitajika. Na pua ikitoa uchafu wenye harufu mbaya upande mmoja tu, shuku kwamba mtoto ameingiza kitu puani: shanga, mbegu, kipande cha sponji. Usijaribu kukitoa kwa kibano, utakisukuma ndani zaidi.

Hatua ya 4: Daftari la wiki 4

Hii ndiyo kazi yenyewe. Chora jedwali, kila siku mstari mmoja. Safu za dalili ziwe: chafya, pua kuchuruzika, pua kuziba, mwasho, macho, kikohozi, usingizi. Kila dalili ipe alama: 0 hakuna, 1 ipo lakini haimsumbui, 2 inamsumbua, 3 inamzuia kucheza, kusoma au kulala. Ongeza safu za joto la mwili, mahali alipokuwa (ndani, nje, shule, kwa ndugu), hali ya hewa (kavu, upepo, mvua), na dawa aliyopewa pamoja na saa.

Jaza kila jioni, muda uleule. Madaftari mengi hayafai kitu kwa sababu tatu: yanajazwa Jumapili kwa kukumbuka, yanaandikwa siku mbaya tu, au hayataji dawa. Siku njema ni muhimu sawa na siku mbaya, maana ndizo zinazokuonyesha nini hakikuwepo. Na siku ya alama 0 baada ya kumeza dawa si sawa na siku ya alama 0 bila dawa.

Baada ya wiki 4, lisome hivi:

Alama zinapanda siku kavu za upepo, zinashuka baada ya mvua ya kutosha na mtoto akikaa ndani: chavua.

Zinapanda siku za unyevunyevu au kwenye chumba chenye kuta zenye ukungu: mbegu za kuvu.

Anaamka na chafya kitandani, asubuhi ni mbaya kuliko mchana, mwaka mzima: utitiri wa vumbi (vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho) kwenye godoro na mto. Huu ni mzio, ila si wa msimu, na unatibiwa kwa kushughulikia kitanda badala ya kufunga dirisha.

Anaharibikiwa akienda nyumba fulani tu: angalia paka, mbwa, mende, au moshi wa sigara. Moshi huwasha pua ya yeyote hata asiye na mzio.

Dalili zinakuja na kuondoka kila baada ya wiki mbili tatu, zikiwa na homa katikati: ni mafua yanayofuatana. Mtoto mdogo anaweza kuyapata mara 6 hadi 8 kwa mwaka na akawa mzima kabisa.

Litunze daftari. Mwaka mmoja unatoa dokezo tu, ila miezi ileile ikijirudia mwaka wa pili, hapo una ushahidi.

Hatua ya 5: Linganisha na kinachopeperuka hewani

Katika nchi zenye majira manne, miti hutangulia kutoa chavua mwanzoni mwa majira ya kuchipua, nyasi hufuata kuelekea kiangazi, na magugu humalizia hadi vuli. Katika nchi za tropiki mipaka si mikali hivyo: nyasi huchanua kufuatana na mvua, na utitiri na kuvu huwa na nguvu muda mrefu, ndiyo maana "msimu" wa mtoto unaweza kuwa mrefu au ukaja mara mbili kwa mwaka.

Usikimbilie kulaumu maua mazuri ya bustani. Maua ya rangi kali huvuta wadudu, na chavua yake ni nzito na ya kunata, haisafiri mbali. Inayosumbua ni ile ya mimea inayotegemea upepo, ambayo maua yake mara nyingi huyaoni hata.

Hatua ya 6: Jaribio la siku 7

Kwa wiki moja punguza chavua inayomfikia. Funga madirisha siku za upepo. Akitoka kucheza nje, abadilishe nguo, na aoge pamoja na kuosha nywele kabla ya kulala, la sivyo chavua yote inahamia kwenye mto. Shuka na nguo zake zisianikwe nje wiki hiyo. Osha pua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na iodini kwenye mililita 240 za maji yaliyochemshwa yakatokota dakika 1 na kupoa. Maji yasiyo na chumvi huchoma pua, na maji mabichi ya bomba yanaweza kubeba vijidudu hatari. Kwa mtoto mdogo tumia matone machache tu kila tundu.

Endelea kujaza daftari. Alama zikishuka wiki hiyo na kupanda ulipoacha, umepata dalili nzuri.

Hatua ya 7: Vipimo

Kipimo cha ngozi hufanywa kwa tone la kizio (kitu kinacholeta mzio, kama chavua) na mchomo mdogo juu ya ngozi, kisha uvimbe hupimwa baada ya dakika 15 hadi 20. Uvimbe unaozidi ule wa tone lisilo na kizio kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa kuwa chanya. Dawa za mzio za kumeza huzima majibu, kwa hiyo kawaida huachwa kama siku 7 kabla. Kama haziwezi kuachwa, au ngozi ina ukurutu mwingi, kipo kipimo cha damu cha IgE.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa mtoto wa miezi 14: Samahani wataalamu, mwanangu kamasi haziishi tangu aanze kulelewa kituoni. Nimeambiwa ni mzio wa vumbi la nje.

Jibu: Mama, kwa umri huo na kwa kuwa yalianza alipochanganyika na watoto wenzake, virusi ndivyo vya kwanza kushukiwa. Angalia kama kuna siku anakauka kabisa kati ya mafua mamoja na mengine. Kama hazipo kabisa na anakoroma usiku huku mdomo wazi, aonwe. Huenda ni vinyama vya nyuma ya pua vimekua.

Baba Wawili: Nimempa setirizini, ile dawa ya mzio ya kumeza, siku tatu, pua bado imeziba. Basi si mzio?

Jibu: Hapana kaka, hilo halitoshi kuufuta. Setirizini hupunguza chafya, mwasho na pua kuchuruzika. Kwenye pua iliyoziba nguvu yake ni ndogo. Angalia daftari: mwasho umeshuka? Kama ndiyo, dawa imefanya kazi yake. Kwa pua kuziba, daktari anaweza kukuandikia steroidi ya kupuliza puani, ambayo inaweza kuchukua hadi wiki 2 kufikia nguvu kamili. Elekeza kinyunyizio upande wa sikio, mbali na ukuta wa katikati ya pua, vinginevyo damu itatoka. Kuhusu kipimo cha setirizini: miaka 2 hadi 5 kawaida ni mg 2.5 kwa mara moja, jumla isizidi mg 5 kwa siku. Miaka 6 hadi 11 jumla isizidi mg 10. Soma nguvu ya sirapu kwenye chupa. Ikiwa ni mg 1 kwa kila ml, mg 2.5 ni ml 2.5. Mwenye tatizo la figo asipewe bila daktari.

Dada Mlezi: Ile dawa ya zamani ya klorofeniramini je? Ndiyo tuliyo nayo, na akinywa anatulia kabisa.

Jibu: Anatulia kwa sababu inamlaza, dada. Usingizi huo unaficha picha, unadhani mzio umetulia kumbe mtoto amelewa dawa. Kwa jaribio kama hili tumia zisizolevya sana, kama setirizini au loratadini. Promethazini, dawa nyingine ya zamani inayolaza, isipewe kabisa mtoto wa chini ya miaka 2, inaweza kudhoofisha upumuaji.

Bibi wa Sita: Mjukuu wangu wa miaka 7 macho yanamwasha sana, hapendi mwanga, na anatoa uzi mweupe mzito. Tumepewa matone na jirani, yanasaidia.

Jibu: Shikamoo bibi. Tafadhali simamisha matone hayo hadi yasomwe yana nini. Uzi mzito, mwasho mkali na kuogopa mwanga ni dalili za aina kali ya mzio wa macho inayopatikana zaidi nchi za joto na zaidi kwa wavulana, nayo inaweza kuacha kovu kwenye kioo cha jicho. Matone yenye steroidi huleta nafuu ya haraka, lakini yakitumiwa bila kusimamiwa yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Apelekwe kwa daktari wa macho wiki hii.

Mama Pacha: Mmoja hana mafua wala chafya, ila anakohoa usiku na akikimbia, msimu huohuo kila mwaka.

Jibu: Hiyo ichunguzwe kama pumu kwanza, mama. Chavua inaweza kuichochea, wakati mwingine kwa ukali: Novemba 2016 jijini Melbourne, dhoruba ya radi wakati wa msimu wa nyasi ilipasua chavua kuwa chembe ndogo zinazofika mapafuni, maelfu wakakimbilia hospitali na watu 10 wakafariki. Andika kikohozi kwenye daftari kwa saa, si kwa siku, na omba apimwe upumuaji. Siku za dhoruba katika msimu wake abaki ndani, na kama ameandikiwa dawa ya pumu ya kuvuta iwe karibu naye.

Msomaji Mpya: Kipimo cha damu kimetoka chanya kwa vitu vitano. Tumwondolee vyote?

Jibu: Kipimo chanya kinasema mwili una kingamwili, hakisemi kwamba kitu hicho kinamuumiza. Chukua orodha hiyo uiweke kando ya daftari. Chanya ya nyasi na alama zilipanda nyasi zilipochanua, hiyo ina maana. Chanya ya paka na analala na paka mwaka mzima bila chafya, usimfukuze paka. Na kama kuna chakula kwenye orodha ambacho amekuwa akila bila shida, usikiondoe kwenye sahani yake kabla hujazungumza na daktari.