Kufundisha Uimbaji wa Kihindi kwa Wanafunzi wa Dar es Salaam

Wanafunzi wengi wa Dar es Salaam wanaotaka kujifunza uimbaji wa Kihindi hawaji mikono mitupu, kwa kuwa baadhi yao wameimba solfa katika kwaya za makanisa na wengine wamelelewa na taarab, muziki uliokwisha kupokea tabla (ngoma mbili za Kihindi) na nyimbo nyingi za filamu za Kihindi. Mwalimu na aanzie hapo. Awaeleze kwa Kiswahili kwamba Sa Re Ga Ma Pa Dha Ni, katika hali ya kawaida, hulingana na do re mi fa so la ti, na kwamba Sa, kama ilivyo do ya kwaya, haina mahali pa kudumu kwenye kinanda.

Kabla ya raga yoyote, yaani mpangilio wa sauti unaoongoza uimbaji, mtafutie kila mwanafunzi Sa yake. Washa tanpura, ala ya nyuzi inayovuma mfululizo, hata ya programu ya simu, kisha aivute Sa kwa pumzi ndefu mpaka sauti yake ishikamane na mvumo huo, ndipo aende Pa na Sa ya juu. Hatua hii haifai kuharakishwa, hata ikila kipindi kizima.

Sa na Pa hazibadiliki. Re, Ga, Dha na Ni huweza kushushwa, na Ma huweza kupandishwa, hivyo swara (noti) zote ni 12. Ziandike kwa mfumo wa mtaalamu wa muziki wa Kihindi Bhatkhande, ambao huweka mstari chini ya swara iliyoshushwa na mstari wima juu ya Ma iliyopandishwa.

Raga ya kwanza iwe Bhupali, yenye Sa, Re, Ga, Pa na Dha pekee. Ikishakaa, imba Deshkar, inayotumia swara hizohizo tano: Bhupali huegemea Ga na huimbwa usiku unapoanza, ilhali Deshkar huegemea Dha na ni ya asubuhi. Naamini hakuna maelezo yanayoshinda ulinganisho huu katika kumwonyesha mwanafunzi kwamba raga si ngazi ya swara tu, bali ni mwendo wake, mahali inapotua na swara inayopewa uzito.

Tala, yaani mzunguko wa mapigo, ifundishwe kwa mikono. Katika Teental, yenye mapigo 16, wanafunzi wapige makofi kwenye pigo la 1, la 5 na la 13, na kwenye la 9 wapunge mkono bila kupiga.

Hamoniamu isaidie, isitawale, kwa sababu vitufe vyake haviwezi kuteleza kutoka swara moja hadi nyingine, na mtelezo huo, uitwao meend, ndio roho ya uimbaji huu. Kwa mazoezi ya nyumbani, rekodi kila kipande kwa sauti yako mwenyewe, kwanza polepole kwa majina ya swara, kisha kwa irabu "aa", ukiacha kimya cha kutosha ili mwanafunzi aitikie.