Mteja akigoma kulipa, mwulize anapinga nini hasa
Kwa mnaowafanyia watu matangazo mtandaoni kwa kujitegemea: mteja akianza kusuasua kwenye malipo, msibishane kwa simu. Mwandikie barua pepe moja yenye ankara, makubaliano ya mwanzo na ripoti ya kazi, kisha mwulize anapinga kipengele kipi. Mara nyingi ni kimoja tu, labda mauzo hayakufika alikotarajia. Basi omba alipe kwanza vile visivyo na ubishi. Takwimu zipige picha za skrini mapema, maana akikuondoa kwenye akaunti hutaziona tena. Na tafadhali, usimzimie matangazo wala kumfungia ukurasa kwa hasira, utampa hoja ya bure. Gharama za matangazo zikatwe kwenye kadi yake tangu siku ya kwanza, ili kinachobaki kudaiwa kiwe ujira wako peke yake.