Kubadilisha Maji ya Moto na ya Baridi ili Kusaidia Mzunguko wa Damu Miguuni

Ngozi inapoingia kwenye maji ya moto, mishipa midogo ya damu iliyo chini yake hutanuka na damu nyingi hufika eneo hilo. Inapoingia kwenye maji ya baridi, mishipa hiyo hiyo husinyaa na damu hupungua. Anayebadilisha maji hayo kwa zamu huifanya mishipa itanuke na kusinyaa mara kadhaa ndani ya muda mfupi, na ndiyo maana miguu huhisi joto na wepesi baadaye. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mabadiliko hayo huishia karibu na ngozi. Dakika moja ya baridi ni fupi mno kuipoza misuli ya ndani, kwa hiyo wanaoiita tiba hii pampu ya damu wanatia chumvi. Pampu halisi ya miguu ni misuli ya shavu la mguu, ambayo kila inapokaza huzibana vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, na kuisukuma damu kuelekea juu, huku vali zilizomo ndani ya vena zikiizuia isirudi chini. Kwa sababu hiyo, utaratibu ninaoueleza hapa unaambatanisha maji na kuchezesha miguu.

Kabla ya kuchemsha maji, jiulize kama unafaa kufanya zoezi hili. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imeanza kufa ganzi asilifanye, kwa kuwa anaweza kuungua bila kuhisi chochote. Vivyo hivyo kwa mwenye ateri za miguu (mishipa inayotoa damu kwenye moyo) zilizoziba au kuwa nyembamba, mwenye ugonjwa wa Raynaud, ambao hufanya vidole vipauke na kuuma vinapopata baridi, na mwenye vidonda vilivyo wazi. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa na joto kuliko mwenzake, usiukande wala kuutia majini. Huenda kuna donge la damu ndani ya vena, na hilo ni jambo la kumwona daktari siku hiyo hiyo. Mjamzito, mgonjwa wa moyo na mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa wapate kwanza ushauri wa daktari wao. Aliyeteguka kifundo cha mguu asitumie maji ya moto katika siku 2 za mwanzo, kwani joto huongeza uvimbe.

Tayarisha mabeseni mawili yenye kina cha kutosha maji kupita vifundo vya miguu, na ikiwezekana yafike katikati ya shavu la mguu. Tafuta pia kiti imara, taulo na kipimajoto cha maji. Beseni la kwanza liwe na maji ya nyuzijoto 38 hadi 40 za Selsiasi, na la pili nyuzijoto 10 hadi 15. Ikiwa maji yako ya kawaida yana nyuzijoto 25 hivi, sehemu 1 ya maji yanayochemka ikichanganywa na sehemu 4 za maji hayo hukaribia nyuzijoto 40. Tangulia kumimina ya kawaida, ndipo uongeze yanayochemka, ukoroge, kisha upime. Kwa upande wa baridi, takriban kilo 1 ya barafu hushusha lita 10 za maji kutoka nyuzijoto 25 hadi karibu 15. Asiye na kipimajoto apime kwa kiwiko badala ya vidole, kwa sababu mikono iliyozoea kazi za maji huvumilia joto ambalo miguu haiwezi. Kiwiko kikikataa, maji yamezidi. Usiongeze maji yanayochemka miguu ikiwa ndani ya beseni.

Anza na maji ya moto kwa dakika 3 au 4, kisha hamia kwenye ya baridi kwa dakika 1, na urudie mizunguko 4 au 5, ili zoezi zima lichukue dakika 20 hivi. Muda wote huo miguu isitulie: inua visigino huku vidole vikigusa chini ya beseni, halafu inua vidole huku visigino vikibaki, mara 10 hadi 15 katika kila zamu, na katikati kunja na kukunjua vidole. Maji ya moto yakipoa, toa miguu kwanza, rekebisha joto, kisha endelea. Kumaliza kwa baridi kunawafaa wenye miguu iliyochoka na kuvimba kidogo kwa kusimama kutwa. Anayetaka kulala amalize kwa moto.

Wasio na mabeseni wanaweza kutumia bafu la manyunyu: dakika 2 za maji ya moto, nusu dakika ya baridi, mara 3. Padri Mjerumani Sebastian Kneipp (1821–1897), aliyeeneza tiba za maji kutoka Wörishofen, kusini mwa Ujerumani, aliagiza maji ya baridi yaanzie mguu wa kulia, ulio mbali zaidi na moyo, na agizo hilo bado lina mantiki, kwa sababu baridi ya ghafla kifuani hushtua pumzi na kupandisha shinikizo la damu.

Acha mara moja ukihisi kizunguzungu, ganzi, maumivu makali au mapigo ya moyo kwenda mbio. Usipopata lolote kati ya hayo, kausha miguu vizuri, hasa katikati ya vidole ambako unyevu hukaribisha fangasi. Usisimame kwa haraka, kwani sakafu huwa na maji na damu nyingi bado iko miguuni. Kaa kidogo, kisha tembea polepole kwa dakika 5, ili misuli ya mashavu ya miguu iendelee kuisukuma juu.