Mihogo inaoza ndani wakati juu imestawi: jinsi ya kukabiliana na batobato na michirizi kahawia, hatua kwa hatua

Habari ndugu zangu wakulima, hasa nyie wa huku Tanga, Muheza, Pangani, Mkinga mpaka Handeni kule chini. Naandika hii kwa sababu kila msimu wa kuvuna nasikia malalamiko yale yale, mtu shamba lake lilikuwa zuri, miti imejaa majani, akaita mnunuzi aje na Fuso, kung'oa shina la kwanza, la pili, ukikata ndani kahawia tupu, ngumu kama kizibo, mnunuzi anawasha gari anaondoka. Inaumiza sana maana muhogo unakaa shambani karibu mwaka mzima.

Kwanza tuelewane, magonjwa haya ni mawili na yote ni virusi. Batobato unaiona mapema, majani machanga yanatoka na mabaka ya njano na kijani, yamejikunja, madogo, mmea unadumaa. Michirizi kahawia ndio mbaya zaidi kwetu ukanda wa pwani, kwa sababu inajificha, jani halijikunji, mti unarefuka kama kawaida na uharibifu unakuta chini. Na wala sio mambo mapya, batobato iliandikwa na Wajerumani tangu 1894 huku huku Usambara, na michirizi kahawia ilielezwa mara ya kwanza 1936 na mtafiti anaitwa Storey akiwa kituo cha Amani, hapo hapo Muheza. Kwa hiyo anayekwambia umerogwa shamba achana naye.

Jambo la pili, na hili naomba ulishike: HAKUNA dawa ya dukani inayoponya mmea ulioshaugua. Ukiuziwa chupa ukaambiwa pulizia itaondoka, umepoteza hela. Ugonjwa unaingia shambani kwenye pingili ulizopanda, halafu nzi weupe ndio wanausambaza mti kwa mti. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika kabla hujapanda.

HATUA YA 1: Chagua mbegu ukiwa unavuna

Hapa ndipo wengi tunapokosea kama jamii, tunavuna, miti inatupwa pembeni, mvua zikianza tunaenda kuikusanya yote pamoja, ya jirani na ya shemeji, tunakata tunapanda. Usifanye hivyo.

Pita shambani wakati mihogo bado ina majani, miezi kama sita au saba hivi, angalia majani ya CHINI yaliyokomaa, sio ya juu. Michirizi kahawia inaonyesha njano inayofuata mishipa ya jani, kama imemwagika pembeni mwa mishipa, wakati sehemu nyingine ya jani bado kijani. Jani linalozeeka lenyewe linageuka njano lote kwa pamoja, hilo halina shida. Kisha angalia shina pale bado ni kijani, ukiona michirizi au vidoa vya kahawia, huo sio wa mbegu. Miti iliyo safi ifunge kitambaa au kamba, maana ukifika kuvuna majani yatakuwa yameshapukutika na hutakumbuka ipi ni ipi.

Siku ya kuvuna sasa, ule uliofunga kamba ung'oe, halafu usikate muhogo mmoja tu ukaridhika, kata mihogo yote ya shina hilo, na kila mmoja ukate sehemu tatu nne, karibu na shina, katikati na mkiani. Kuna muhogo ukikata katikati mweupe pee, ukisogea vidole vinne unakuta doa kavu la kahawia. Ukikuta doa hata moja, miti yake usiipande, kula au uza ile mizizi mizima basi. Najua inachosha ila ndio kipimo cha uhakika tulichonacho mkononi.

Kama una simu ya Android, kuna programu inaitwa PlantVillage Nuru, inaongea Kiswahili, unaielekeza kwenye jani inakwambia kama ni batobato au michirizi kahawia, na shambani haihitaji bando.

HATUA YA 2: Kama shamba lako lote limeugua, badilisha mbegu

Usilazimishe kuchagua wazima kwenye shamba ambalo karibu kila shina lina doa. Tafuta mbegu zinazovumilia, kwa pwani yetu zipo Kiroba, Chereko, Kipusa, Mkuranga 1, na Kizimbani. Kuvumilia maana yake sio kwamba haziugui, zinaweza kuugua ila mizizi haiharibiki sana, kwa hiyo hatua ya 1 bado inakuhusu. Nunua kwa mzalishaji ambaye shamba lake limekaguliwa na TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu), mwombe akuonyeshe cheti, na kama hujui pa kuanzia muulize afisa ugani wa kata au uliza TARI (taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo), kituo chao cha Mlingano ni hapa hapa Muheza, na cha Kibaha wako na utafiti wa mihogo.

HATUA YA 3: Andaa shamba na panda

Maotea ya mihogo ya msimu uliopita yang'oe yote, hata yale yaliyochipua kwenye mpaka na kwenye jalala, maana ndio stoo ya virusi. Usipande shamba jipya limegusana na shamba kongwe linaloumwa, virusi vya michirizi kahawia havikai muda mrefu kwenye nzi kwa hiyo haendi navyo mbali, hata nafasi ya kati ukiweka mahindi inasaidia.

Pingili iwe ya sentimita 20 mpaka 30, yenye macho matano hadi saba, panga iwe kali isipasue. Nafasi mita 1 kwa mita 1, hapo eka inachukua kama 4,000.

HATUA YA 4: Miezi mitatu ya kwanza usilale

Magugu kwanza. Muhogo mchanga ni mnyonge, ukisongwa na ndago au ukoka hapo mwanzo mavuno yanashuka na hata ukija kupalilia mwezi wa nne tangu upande haufidii. Palizi ya kwanza wiki ya tatu au ya nne, halafu rudia mpaka majani yafunge ardhi. Ukipanda kunde katikati ya mistari zinasaidia kufunika. Ukishaanza kuona ardhi inapasuka kwenye shina jembe lisiingie chini, parura juu juu tu.

Wakati unapalilia ndio unakagua. Mche wenye batobato ung'oe hapo hapo, ukiwa mdogo, uutoe nje ya shamba uuchome au uzike, usiuache kwenye mtaro maana muhogo unachipua popote. Roho inauma kung'oa lakini mche ulioanza na ugonjwa kwenye pingili hautakupa kitu cha maana na unaambukiza wenzake. Hii ina maana kama wachache ndio wanaumwa, kama nusu ya shamba ni batobato rudi hatua ya 2.

HATUA YA 5: Vuna kwa wakati

Wengi wetu shamba la mihogo ni ghala, tunachimba kidogo kidogo hadi mwaka na nusu. Kwa shamba lenye michirizi kahawia hiyo ni hasara, kuoza kunaongezeka kadri mizizi inavyokaa ardhini. Kuanzia mwezi wa nane tangu upande chimba mashina machache kila kona ukate uangalie, ukiona madoa yameanza usisubiri bei ipande, ng'oa, ile mizima peleka sokoni na iliyobaki kata sehemu mbovu utupe, menya, anika makopa.